Izbica: mji uliogeuzwa chumba cha kungojea mauti

Miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mzee mmoja kutoka California alifika Izbica, mji mdogo wa mashariki ya Poland, akabisha hodi katika nyumba aliyozaliwa na kulelewa. Mwenyeji alimwingiza ndani kwa shingo upande. Mgeni akakitazama kiti alichokalia mwenyeji, akasema: kiti hicho kilikuwa cha baba yangu. Mwenyeji akaruka, akadai amekinunua baada ya vita. Mgeni akaomba kipinduliwe. Kikapinduliwa, na chini ya kikalio likaonekana jina la ukoo wa mgeni.

Mwenyeji hakuomba radhi. Alidhani ameipata siri: Myahudi huyu hakusafiri mbali hivyo kwa ajili ya kiti, lazima kuna mali iliyofukiwa mahali fulani ndani ya nyumba. Akapendekeza wagawane nusu kwa nusu. Mgeni akaaga, akaondoka. Aliporudi Izbica mara nyingine alikuta nyumba imekuwa gofu. Mtu yule alikuwa amechimba sakafu na kubomoa kuta akitafuta dhahabu ambayo haikuwapo kamwe.

Mgeni huyo ni Thomas Blatt, ambaye kwao walimwita Toivi. Aliokoka kambi ya Sobibor, mahali ambapo karibu kila aliyeshushwa kwenye treni alikuwa maiti kabla ya saa chache kupita. Kisa chake husimuliwa kwa kuanzia Sobibor, nami naona hapo ndipo wasimulizi wengi wanapokosea. Blatt hakunyang'anywa wazazi tu. Alinyang'anywa mji mzima, na ili kuujua ukubwa wa hasara hiyo ni lazima kwanza kuujua mji wenyewe.

Izbica ilianza mwaka 1750, na tangu siku ya kwanza ulikuwa mji wa Wayahudi. Ng'ambo ya mto Wieprz kulikuwa na mji wa Tarnogóra, ambao Wakristo wake hawakutaka tena kuishi na Wayahudi. Basi Wayahudi wakahamishiwa upande wa pili wa mto na kupewa uwanja wao. Huko wakajenga nyumba za mbao na za matofali, sinagogi, soko na, kwenye kilima juu ya mji, makaburi. Katika karne ya 19 aliishi hapo rabi Mordechai Josef Leiner, aliyefariki mwaka 1854. Mafundisho yake kuhusu hiari ya mwanadamu na mapenzi ya Mungu yanasomwa mpaka leo, na kwake yeye jina la mji huu limebaki hai vinywani mwa Wayahudi wacha Mungu duniani kote. Kwa wengi wao Izbica ni jina la mwalimu kabla ya kuwa jina la mahali.

Mwaka 1939 vita vilipoanza, wakazi wake walikuwa maelfu machache, karibu wote Wayahudi. Walikuwa mafundi cherehani, washona viatu, wachuuzi na wafanyabiashara wa ngozi na nafaka. Wengi wao walikuwa maskini. Matope ya mitaa yake yalijulikana wilaya nzima. Nyumbani na sokoni walisema Kiyidi, na Kipoland walikitumia kwa wakulima waliokuja siku za gulio. Baba yake Toivi, Leon Blatt, alikuwa ameipigania Poland katika vikosi vya kujitolea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa utumishi huo alipewa leseni ya kuuza pombe. Hakuwa mtu wa dini sana. Aliiona Poland kuwa nchi yake, na aliamini kwamba Poland nayo ilimwona kuwa mwanawe.

Mji huu uko bondeni, barabarani kati ya Lublin na Zamość. Vilima vimeuzunguka, mto unapita kando, na reli inapita hapo hapo. Mambo hayo, ambayo kwa miaka karibu mia mbili yalikuwa baraka ya biashara, ndiyo yaliyowavutia Wajerumani. Mahali pa namna hii hapahitaji ukuta. Ukiweka askari wachache kwenye vilima, bonde lenyewe linakuwa zizi. Na zizi lililo kando ya reli ndilo walilolihitaji.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1942, Wanazi walikuwa wameshaanza mpango wa kuwaangamiza Wayahudi wote wa Poland iliyokaliwa. Kwa kazi hiyo walijenga kambi tatu: Bełżec, Sobibor na Treblinka. Hazikuwa kambi za kazi. Zilikuwa vituo vya kuulia watu kwa moshi wa injini, na humo waliuawa Wayahudi milioni 1.7 hivi. Tatizo la waliopanga mauaji lilikuwa la foleni. Treni kutoka Ujerumani, Austria, nchi ya Wacheki na Slovakia zilikuja kwa kasi kuliko vyumba vya gesi vilivyoweza kumeza. Palihitajika mahali pa kuwaweka watu mpaka zamu yao ifike, na Izbica ikateuliwa.

Kuanzia Machi 1942 treni zilishusha hapo zaidi ya Wayahudi 10,000 kutoka Vienna, Nürnberg, Koblenz, Aachen, Theresienstadt na kwingineko. Walishuka wakiwa na makoti mazuri na masanduku yenye majina yao yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Walikuwemo madaktari, mawakili, na hata wanajeshi wa zamani waliopata nishani za Ujerumani katika vita vya 1914. Walitupwa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa na watu kumi chumba kimoja. Hawakujua Kiyidi, na wenyeji hawakujua vizuri Kijerumani chao.

Waswahili tuna msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Izbica mambo yalipinduliwa. Ili kupata nafasi ya wageni, wenyeji ndio walioondolewa kwanza. Tarehe 24 Machi 1942 zaidi ya watu 2,000 walikusanywa na kupelekwa Bełżec, ambako mauaji yalikuwa yameanza wiki moja tu kabla. Wageni waliokuta sufuria bado ziko juu ya meko hawakuelewa wenye nyumba wamekwenda wapi. Zamu yao ilipofika, nao wakapakiwa, na wengine wakaingia.

Baadhi yao waliweza kuandika. Ernst Krombach, kijana wa Essen aliyefikishwa hapo mwezi Aprili, alipata mtu wa kumpitishia kwa siri barua ndefu, ikamfikia mchumba wake Marianne Strauss mwezi Agosti. Humo alieleza njaa na watu waliopigwa risasi kwa makosa madogo kabisa, na misako iliyopunguza mji mara kwa mara. Ni moja ya maandishi machache yaliyoandikwa ndani ya Izbica wakati mambo yenyewe yakitendeka, na mwandishi wake hakurudi. Mchumba wake aliishi, na barua akaitunza maisha yake yote.

Mtu mwingine aliyeiona Izbica ya siku zile alikuwa Jan Karski, mjumbe wa upinzani wa Kipoland. Mwaka 1942 alijipenyeza akiwa amevaa sare za mlinzi, akashuhudia watu wakisukumwa kwenye mabehewa. Aliyapeleka aliyoyaona London, kisha Julai 1943 akayafikisha Washington mbele ya Rais Roosevelt. Mwenyewe aliandika kwamba aliingia Bełżec, lakini wanahistoria waliolinganisha maelezo yake na ramani wameona kwamba mahali pale palikuwa Izbica. Kwa hiyo, habari za mji huu wa matope zilisikika katika ofisi kubwa kabisa za dunia wakati Toivi Blatt bado yu hai na mamilioni wamekwisha kufa. Waliozisikia walizipokea kwa heshima, na treni zikaendelea.

Mkuu wa Gestapo wa Izbica aliitwa Kurt Engels. Aliua kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, na watoto wa mji walijifunza kuitambua sauti ya pikipiki yake. Alipotaka kujengewa mahabusu, aliagiza mawe yaletwe kutoka makaburini. Mawe ya makaburi yakang'olewa juu ya kilima, yakateremshwa mjini, na yakajengwa ukuta huku maandishi ya Kiebrania yakigeuzwa ndani. Watu waliofungwa humo wangeweza kusoma ukutani majina ya babu zao.

Mwezi Novemba 1942 ilikuja misako mikubwa iliyokusudiwa kuumaliza mji. Mabehewa yalipojaa, mamia ya waliobaki walifungiwa katika jengo la zimamoto, wakabanwa humo bila chakula wala maji. Kisha wakatolewa kwa makundi, wakapandishwa kilimani na kupigwa risasi kando ya mashimo, pale pale palipong'olewa mawe. Makaburi ya Izbica yana kaburi la pamoja ambalo ndani yake wamelala watu wa nchi nne au tano.

Toivi alikuwa amejaribu kukimbilia Hungary kwa hati za kughushi. Alikamatwa njiani, akafungwa Stryj, akaponea chupuchupu na kurudi kwao. Alirudi kwa sababu wazazi wake na mdogo wake walikuwa bado huko. Mimi husita kila nifikapo hapa. Kijana wa miaka 15 aliyekuwa tayari nje ya zizi alirejea zizini kwa miguu yake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine palipoitwa nyumbani.

Tarehe 28 Aprili 1943 ilifika zamu ya mwisho. Familia ya Blatt ilipelekwa Sobibor, kilomita 70 hivi kaskazini, ndani ya msitu wa misonobari karibu na mto Bug. Toivi alikuwa ametimiza miaka 16 siku kumi na tatu kabla. Wanawake na watoto walipotenganishwa na wanaume, alimgeukia mama yake na neno la mwisho alilomwambia lilihusu maziwa: jana yake mama alimkataza kuyanywa yote ili mengine yabaki ya leo. Mama alimtazama kwa huzuni, akamuuliza kama hayo ndiyo anayoyawaza saa kama ile. Hawakuonana tena. Blatt aliishi miaka mingine 72, na neno lile hakuweza kulirudisha.

Sajini wa SS aitwaye Karl Frenzel alikuwa akichagua wachache wa kutumikishwa. Akamnyooshea kidole kijana huyu awe msafisha viatu. Baba yake alipelekwa na wengine. Katika miezi iliyofuata Toivi alichambua nguo za waliouawa, akachoma tanuruni vyeti na picha zao, na siku moja akaamriwa kuwanyoa nywele wanawake waliokuwa wametoka kushuka kwenye treni ya Uholanzi. Kutoka Uholanzi pekee zaidi ya Wayahudi 34,000 walifikishwa Sobibor. Wengi walidhani wamefikishwa mahali pa kazi, maana kituo kilikuwa na maua na nyumba ndogo za kupendeza.

Habari za uasi wa Sobibor ni ndefu na zina vitabu vyake. Nitasema machache. Uliongozwa na watu wawili: Leon Feldhendler, mtoto wa rabi kutoka Żółkiewka, na Alexander Pechersky, luteni wa jeshi la Kisovyeti aliyeletwa kutoka Minsk majuma matatu tu kabla ya siku yenyewe. Mpango wao ulitegemea tabia mbili za maadui, kushika saa na kupenda makoti ya ngozi. Tarehe 14 Oktoba 1943, saa kumi alasiri, maofisa wa SS walianza kuitwa mmoja mmoja kwenye karakana za ushonaji kuja kujaribu nguo na viatu. Johann Niemann, aliyekuwa akikaimu ukuu wa kambi, aliuawa kwa shoka akipimwa koti. Ndani ya saa moja maofisa kumi na mmoja hivi walikuwa wamekufa, na wengi wa wafungwa 600 hivi wa kambi ile wakakimbilia kwenye ua.

Toivi alikuwa akipenya kwenye seng'enge wakati ua ulipolemewa na watu na kumwangukia. Koti lake likanasa. Alihangaika chini pale huku wenzake wakimruka, na waliomtangulia wakalipuliwa na mabomu yaliyotegwa ardhini. Mwishowe alilivua koti, akaliacha likining'inia kwenye waya, akakimbia kwenye njia iliyokwisha kulipuliwa. Kunaswa kwake ndiko kulikomwokoa, na mwenyewe aliyasema hayo bila kujipa ushujaa wowote.

Watu 300 hivi waliufikia msitu. Waliouona mwisho wa vita wakiwa hai walikuwa kama 50.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo sehemu ya historia ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Toivi na wenzake wawili walielekea walikokujua, upande wa Izbica. Mkulima mmoja alikubali kuwaficha bandani mwake kwa malipo ya dhahabu na vito walivyokuwa wamechukua kambini. Miezi ikapita wakiwa katika shimo chini ya nyasi kavu. Mali ilipokuwa mikononi mwa mkulima, kukawa hakuna sababu ya kuwaweka. Mwezi Aprili 1944 bunduki zilifyatuliwa ndani ya banda. Mwenzao mmoja akafa. Toivi alipigwa risasi ya taya, akalala akijifanya maiti mpaka wauaji walipoondoka. Risasi ile haikutolewa. Alizikwa nayo.

Waswahili husema kufa kufaana. Msemo huo umetungwa kwa ajili ya mirathi na posho za matanga, lakini katika bonde la Wieprz uligeuka kuwa uchumi kamili: nyumba, vitanda, mito ya manyoya, viti, mpaka meno. Haki inanidai niongeze kwamba walikuwepo Wapoland waliompa Toivi chakula na mahali pa kulala usiku, wakijua kwamba adhabu yake kwa Wajerumani ni kifo cha nyumba nzima. Bila hao asingeishi. Lakini walikuwa wachache, na baada ya vita wengi wao waliona haya kulisema jambo hilo mbele ya majirani.

Jeshi la Kisovyeti lilifika Julai 1944. Feldhendler, aliyeokoka Sobibor, alipigwa risasi ndani ya Lublin iliyokombolewa, akafariki Aprili 1945. Mwaka 1946 mjini Kielce umati uliwaua Wayahudi 42 waliokuwa wametoka kwenye vita. Blatt alibaki Poland mpaka 1957, akaenda Israel, na mwaka uliofuata akahamia Marekani, ambako aliendesha maduka ya redio za magari mjini Santa Barbara.

Huko Israel alikuwa amemwonyesha manusura wa Auschwitz maandishi yake kuhusu Sobibor. Yule mzee aliyasoma, akamsifu kwa ubunifu: hakuwahi kusikia kambi ya jina hilo, achilia mbali Wayahudi walioasi humo. Naliona pigo hilo kuwa zito kuliko mengi, kwa kuwa lilitoka kwa mtu wake. Wajerumani baada ya uasi waliibomoa kambi, wakasawazisha ardhi na kupanda miti. Mnara wa kumbukumbu uliowekwa katika miaka ya 1960 uliwataja wafungwa wa kivita wa Kisovyeti kwanza na kuwachanganya Wayahudi na wengine, ilhali waliouawa pale walikuwa karibu wote Wayahudi, zaidi ya 170,000. Blatt alipiga kelele kwa miaka mpaka vibao vikabadilishwa mwaka 1993. Aliandika vitabu viwili, na akawa mshauri wa filamu ya mwaka 1987 iliyoitangaza Sobibor duniani.

Kuhusu hukumu za wauaji, mizani ni ya kusikitisha. Engels alifungua mkahawa Hamburg na kuishi kama raia mwema. Alipokamatwa, alijiua mahabusu mwisho wa mwaka 1958. Frenzel alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1966, akaachiliwa 1982 kwa rufaa. Mwaka 1983 Blatt alikaa naye meza moja katika hoteli ya mji wa Hagen, msafisha viatu na mwenye viatu, akamhoji kwa saa kadhaa huku chombo kikinasa sauti. Hakwenda kusamehe wala kulipiza kisasi. Alikwenda kuchukua ushahidi kabla haujafa pamoja na mtu.

Mara ya mwisho aliitwa mahakamani Munich, Januari 2010, katika kesi ya John Demjanjuk, aliyekuwa mlinzi wa Sobibor. Akiwa na miaka 82, aliulizwa kama anaukumbuka uso wa mshtakiwa. Alijibu kwamba haukumbuki, na kwamba hata sura ya baba yake imemtoka. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mwaka 2011 Demjanjuk alitiwa hatiani kwa kusaidia mauaji ya watu 28,060, akafa mwaka uliofuata kabla rufaa haijasikilizwa. Mwaka 2014 wanaakiolojia waliichimbua misingi ya vyumba vya gesi chini ya lami. Alifariki Santa Barbara tarehe 31 Oktoba 2015.

Huko Izbica, mahabusu ya Engels ilisimama zaidi ya miaka 60, majina yakiwa yametazama ndani. Mwaka 2006 ilibomolewa kwa uangalifu, jiwe baada ya jiwe. Mawe yakapandishwa tena kilimani, yakabandikwa kwenye kuta za jengo linalolinda kaburi la rabi, maandishi yakatazama nje. Hayakuweza kurudishwa juu ya makaburi yake, maana hakukuwa na mtu aliyebaki wa kuonyesha nani alilala wapi. Tarehe 1 Januari 2022 Izbica ilirudishiwa hadhi ya mji. Jumuiya ya Wayahudi hakuna.